Kijiwe Kisichouza Kahawa

"Mchele nachagua mwenyewe, daktari. Punje kwa punje."

Aliyesema hivyo ni mama mmoja kijana, muuza vitenge wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo, niliyekaa naye benchi moja katika hospitali fulani ya katikati ya jiji, kila mtu akingoja zamu yake. Binti yake wa miaka sita alikuwa amejikunja mapajani mwake kama jongoo aliyeguswa. Daktari kijana akatoka na karatasi, akasema palepale mbele yetu sote kwamba mtoto ana mawe kwenye figo. Mama akajitetea kwa habari ya mchele. Daktari akaduwaa, hakuona mchele umeingiaje kwenye maneno yake. Mimi niliona. Aliyelelewa kwenye ungo anajua kwamba jiwe huingia mwilini kwa njia moja tu, mdomo, na likishaingia mwenye kosa ni aliyepeta na kuchagua. Neno moja la daktari lilikuwa limempandisha yule mama kizimbani.

Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, na kazi hiyo ina ugonjwa wake: neno likinikwama, nalizungusha mdomoni siku nzima kama mtoto na mbegu ya ubuyu. Hili la mawe limenikwama kwa muda mrefu.

Jiwe kwa Kiswahili ni kitu cha nje. Tunalikanyaga, tunajikwaa, tunarushiana, tunalitema kwenye wali. Vinavyozaliwa ndani ya mwili vina vitenzi vyake: jipu huiva, uvimbe huota, damu huganda, usaha hutunga. Jiwe halikupewa kitenzi. Linaning'inia kwenye "ana" tu. Ana mawe, kama aliyeyatia mfukoni. Na kumbe kinachotokea figoni ni kuganda. Mkojo ni maji yaliyobeba chumvi za namna nyingi. Maji yakipungua, chumvi zinakosa pa kuyeyukia, zinashikana, zinakuwa fuwele, na fuwele juu ya fuwele ni jiwe. Aliyeyaona mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, bahari ikifungiwa kwenye majaruba hadi jua liyanywe maji na kuacha weupe chini, ameshauona ugonjwa huu ukizaliwa. Fuwele ni neno zuri la kamusi zetu za sayansi, ila kutoka Gerezani hadi Mchikichini sijalisikia kinywani mwa mtu. Silidai. "Mkojo wa mtoto umeganda ukawa jiwe" ingetosha. Sentensi hiyo ingemshusha mama kizimbani na kumpeleka kwenye swali lenye faida: mtoto anakunywa maji kiasi gani?

Kwa mtoto anayelelewa sokoni, jibu mara nyingi ni kidogo sana. Mama yuko kwenye meza yake tangu asubuhi, mtoto yuko chini ya meza, joto la Kariakoo mnalijua. Choo ni cha kulipia, nacho kiko mbali. Kwa hiyo mtoto hufunzwa mapema kubana mkojo, na akili yake humwonyesha kwamba njia rahisi ya kubana ni kutokunywa.

Wapo waliohisi jiwe ni zito mno kwa mwili mdogo wakalipunguza: vijiwe kwenye figo. Nia njema, ila Dar es Salaam neno hilo lilishapata mpangaji. Kijiwe ni pale wanaume wanapokaa na vikombe vya kahawa na kashata, wakiendesha serikali na kupanga kikosi cha Simba au Yanga. Mimi nina changu, si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Nilipowaambia wazee kwamba kuna mtoto ana vijiwe figoni, mmoja aliuliza bila hata kutabasamu, "Na huko kahawa wanauza shilingi ngapi?" Tukacheka, kisha tukaona haya.

Mzee wa pembeni, fundi mwashi aliyekwisha kuweka mwiko chini, hakucheka. Akauliza, "Jiwe lenyewe la namna gani? Maana mawe si mamoja."

Lile lilikuwa swali la kitabibu kuliko yote niliyosikia wiki ile. Kiswahili kina ngazi nzima ya mawe, nasi tunaiacha tunasimama kwenye neno moja. Kuna mchanga, kuna changarawe, kuna kokoto, kuna jiwe, kuna jabali. Na daktari wa njia ya mkojo anaishi kwa ngazi hiyo, kwa kuwa ukubwa ndio unaoamua mengi. Mchanga hupita na mkojo bila mwenyewe kujua. Changarawe, zile za milimita chache, mara nyingi hupita pia, ila kwa kilio. Kokoto hunasa. Warumi nao waliita kijiwe *calculus*, na kwa kuwa walihesabia kwa vijiwe, neno lilelile likawazalia Wazungu jina la hesabu. Kwetu kokoto inaishi jirani na kukokotoa kwenye kamusi, na mtaa wa tatu kuna kikokotoo, kile cha mafao ambacho wastaafu wa nchi hii wamekigombania miaka ya karibuni. Nilimwambia fundi hayo. Akasema kikokotoo chake yeye kinamuuma kuliko jiwe lolote.

Kokoto hunasa wapi? Hapa maneno yetu yanatuangusha vibaya. Mkojo hushuka kutoka kila figo kwa mrija wake mwembamba hadi kwenye kibofu. Kisha hutoka kibofuni kwenda nje kwa njia nyingine, moja tu. Sisi zote tunaziita "njia ya mkojo". Mzazi akiambiwa jiwe limenasa kwenye njia ya mkojo, anamvua mtoto nguo na kuangalia chini, na huenda jiwe liko nyuma, juu, karibu na ubavu. Ningependa ile miwili ya juu ibaki kuitwa mirija, na ile ya chini iitwe mlizamu. Mlizamu ni ule mfereji unaotoa maji ya mvua kwenye paa na kuyamwaga nje. Kazi ni ileile, na neno limekaa bure tangu watu waanze kuezeka kwa mabati marefu. Jiwe la mrijani humfanya mtoto ajipinde, atapike, ashike ubavu. Jiwe la mlizamuni humzuia kukojoa kabisa. Ni dharura mbili tofauti, na kila moja inastahili jina lake.

Mtoto mwenyewe hasaidii. Mtoto mdogo hana ubavu wala kiuno, ana tumbo. Kila kitu kati ya chuchu na magoti ni tumbo. Na tumbo la mtoto katika mitaa yetu lina tafsiri zake tayari. Mama yule alinisimulia safari yao tukiwa tunangoja: bibi yake alisema chango, jirani akasema angekuwa wa kiume ningesema ngiri, muuza dawa za Kisunna akatoa habasoda. Kisha ikaja homa, wakaenda zahanati, wakaambiwa yutiai. Vidonge, homa ikashuka. Baada ya mwezi mmoja na nusu, yutiai. Kisha yutiai tena.

Yutiai ni herufi tatu za Kiingereza zilizovalishwa kanzu. Jiji lina mzaha wake juu ya neno hili: nenda hospitali na jino bovu, utarudi na malaria na yutiai. Sililaumu kwa ugeni wake. Anayeishi Kariakoo hana ubavu wa kulaumu maneno ya kigeni, maana Waingereza walipoweka hapa kambi ya wapagazi wa jeshi lao wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Carrier Corps, wenyeji walilitafuna jina hilo wakalitema likiwa Kariakoo, na leo hakuna asikiaye mizigo wala vita ndani yake. Istilahi sanifu ni "maambukizi katika njia ya mkojo". Nimezihesabu silabi: 14, kwa 4 za yutiai. Sokoni ubishi umekwisha.

Lawama yangu ni nyingine. Yutiai limekuwa jina la kufungia faili. Linasema vijidudu wameingia kwenye mkojo. Haliulizi kwa nini wamerudi mara ya tatu kwa mtoto yuleyule. Na majibu ya maabara husomwa kwa lugha ya ufagio: "mkojo wake ni mchafu." Mama anasikia kwamba yeye ni mchafu. Anakwenda nyumbani, anafua chupi kwa maji ya moto, anasugua beseni, anamkosha mtoto mara tatu kwa siku. Jiwe liko ndani linamngoja.

Siku ile karatasi ilikuwa na jambo la pili. Figo ya kushoto, daktari alisema, imejaa maji. Muuguzi akapita nyuma yake akamwambia mama ahakikishe mtoto anakunywa maji mengi. Mama akatutazama mmoja mmoja, kama anayetafuta shahidi. "Imejaa maji," akasema, "bado niongeze?"

Swali halali, nalo halikupata jibu pale kwenye benchi. Kilichojaa figoni si maji, ni mkojo uliokosa pa kupita. Kunywa maji kunasaidia kuzuia mawe mengine yasigande. Njia ikishaziba, dawa ni kuizibua. Tungesema figo imefurika, watu wa Kariakoo wangeelewa bila mchoro, kwa sababu tuna Jangwani hapo chini. Barabara ya Morogoro inapofungwa pale wakati wa masika, si kwa mvua ya Jangwani. Ni maji yaliyoteremka na Mto Msimbazi kutoka Pugu, yakakuta mto umejaa mchanga na takataka, yakatafuta pa kukaa. Figo iliyozibwa ni bonde hilo. Juu inaendelea kuchuja, chini hapatoki kitu, katikati panatanuka. Nyama ya figo inabanwa ukutani, inakonda, inasinyaa. Na vijidudu wakiingia kwenye mkojo uliotuama namna hiyo, unageuka usaha. Mtoto anatetemeka kwa homa, vijidudu wanavuka kuingia damuni, na kuanzia hapo hesabu ni ya saa, wala si ya siku. Hali hiyo haina jina la mtaani. Mtaa huiita "kazidiwa", nalo neno hilo huja limechelewa.

Nirudi kwa fundi mwashi, maana nilimwacha na swali lake.

Mama alikuwa amenionyesha picha ya eksirei. Niliitazama kwenye mwanga wa dirisha: upande wa kushoto wa mgongo, kitu cheupe chenye shina na matawi mafupi manene, kimejaza vyumba vyote vya figo na kuchukua umbo lake. Waingereza hulipa jiwe la namna hii jina la pembe za paa dume wa misitu ya kwao, zile zinazochanua kama mti. Nimeshakutana na mtafsiri aliyeandika "jiwe la pembe za kulungu". Masikini, hakuwahi kumwona kulungu. Pembe za kulungu wetu zimesokotwa, hazina tawi hata moja, wala za swala, wala za tandala, wala za pofu. Hatuna mnyama porini mwetu mwenye pembe za kuchanua. Ukimwambia mzazi wa Ilala kwamba mtoto ana pembe za kulungu ndani ya figo, umemtisha bure, na picha uliyompa si yenyewe.

Nilipomweleza fundi kwa mikono jinsi lilivyotawanyika, hakusita. "Hilo si jiwe, ndugu yangu. Hilo tumbawe."

Nilinyamaza kwa muda. Wafaransa wamelifananisha jiwe hilo na tumbawe kwa lugha yao siku nyingi, lakini yule mzee hakuwa na habari nao. Alikuwa na habari ya bahari na ya ujenzi. Matumbawe ndiyo yaliyojenga pwani hii, kuanzia misikiti ya Kilwa Kisiwani hadi Mji Mkongwe wa Unguja, na yakichomwa ndiyo chokaa iliyosimamisha kuta hizo. Na kila mvuvi wa Feri anajua kwamba tumbawe halikuanguka kutoka mbinguni. Limejengwa. Ndani yake wanaishi wadudu wadogo, wanatoa ule ugumu kidogo kidogo, kizazi juu ya kizazi, na wao wamo humohumo.

Ndivyo jiwe la binti yule lilivyojengwa. Kuna vijidudu wa mkojo, wakiongozwa na mmoja aitwaye Proteus, wenye uwezo wa kuivunja yurea iliyo kwenye mkojo na kuifanya amonia. Mkojo unabadilika tabia, unapoteza uchachu wake, na chumvi za magnesiamu, amonia na fosfeti zinaanza kuganda kuwazunguka. Ukuta unakua kwa majuma na miezi, na wajenzi wanabaki vyumbani. Huyo Proteus alipewa jina mwaka 1885 na Mjerumani Gustav Hauser, kwa kumbukumbu ya mzee wa baharini wa hadithi za Wagiriki aliyekuwa akijigeuza kila umbo ili asikamatwe. Madini yenyewe huitwa struviti, kwa heshima ya von Struve, mwanadiplomasia wa Urusi aliyependa madini. Yalitambuliwa Hamburg mwaka 1845, yalipochimbuliwa kwenye samadi ya kale chini ya kanisa lililokuwa likijengwa upya. Mtoto wa Mtaa wa Kongo amebeba figoni jina la mwanadiplomasia wa Urusi. Mimi namtakia jina la pwani yake.

Silitaki kwa uzuri wake tu. Tumbawe linaeleza kazi. Linamwambia mama kwa nini vidonge vilishusha homa na homa ikarudi: dawa inapita mtaani, wenye nyumba wako ndani ya kuta. Linamwambia kwa nini daktari anataka kulitoa lote, maana kipande kikibaki kina wajenzi wake na ujenzi utaanza upya. Linamwambia pia kwamba hili si la kungoja lipite lenyewe. Tumbawe halipiti.

Na linatusaidia mbele ya wauza dawa. Pembezoni mwa soko utaona chupa zimepangwa, muuzaji anaapa kwamba dawa yake "inavunja mawe". Hospitalini nako husema wanavunja mawe, kwa mawimbi yanayopigwa kutoka nje ya mwili, au kwa kupitisha chombo kwenye tundu dogo mgongoni. Kitenzi kimoja, kazi mbili zisizofahamiana. Mzazi atachagua chupa, kwa sababu ni ya karibu na haina kisu. Juisi ya limau inayosifiwa kila kona ina faida yake kwa baadhi ya mawe ya kalsiamu. Kwa tumbawe haifui dafu.

Mawe ya watoto yana neno moja zaidi ambalo Kariakoo inalijua bila kujua. Ingia duka lolote la vyombo, ulizia sahani za melamini. Nyepesi, zenye maua, zikianguka hazivunjiki. Harusi nyingi za mji huu zimeliwa juu yake. Mwaka 2008 nchini China, kemikali hiyo ya melamini iligunduliwa ndani ya maziwa ya unga ya watoto, ya kampuni ya Sanlu na nyinginezo. Wafanyabiashara walikuwa wameyazimua maziwa kwa maji, kisha wakatia melamini, kwa kuwa ina naitrojeni nyingi na kipimo cha protini kilikuwa kikipima naitrojeni. Kipimo kikadanganyika. Figo hazikudanganyika: watoto wapatao 300,000 waliugua, wengi wakiwa na mawe, na kwa hesabu rasmi 6 walikufa. Sahani hazina kosa katika hayo. Lakini tangu niyajue, neno hilo likitajwa dukani naliona lina kivuli.

Limebaki neno ninalolichukia kuliko yote, "kufeli". Figo zake zimefeli. Limetoka shuleni, na kwa mtoto bado linanuka shule: kufeli ni kosa la mwanafunzi, kuna fimbo nyuma yake. Nimewasikia watu wazima wakilisema mbele ya watoto wanaoelewa kila silabi. Figo huzibwa, hubanwa, huungua kwa usaha, hubaki na makovu, presha ikapanda, mtoto akadumaa wakati wenzake wanarefuka. Na mwisho wa njia hiyo, hushindwa kazi. Imeelemewa, haikufeli. Na kinachofuata tukiite kuchuja damu, kama tunavyochuja tui. "Kusafisha damu" kunaturudisha kwenye uchafu na ufagio, na yule mama ameshasugua mabeseni ya kutosha.

Walio kwenye mabaraza na taasisi za lugha, naomba tumbawe la figo na mlizamu wa mkojo mvipeleke kikaoni, mvikatae kama mna bora zaidi. Na wewe mzazi, usingoje kamusi. Mtoto akiwa na homa pamoja na maumivu ya ubavu, au akishindwa kukojoa, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na akiambiwa yutiai kwa mara ya pili au ya tatu, kabla hujapokea vidonge sema hivi, kwa adabu na bila kuinuka kitini: "Daktari, naomba apigwe picha ya figo."